Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi wa Ujiji aliyekuwa meya wa Dar es Salaam

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyepita katika somo la ushairi amekutana na jina la Amri Abedi. Mara nyingi hukutana nalo kwa muda mfupi tu, pale mwalimu anapoeleza kwamba shairi la Kiswahili lina vina na mizani, na kwamba mtu aliyezikusanya kanuni hizo kitabuni ni yeye. Somo linaendelea na jina linabaki nyuma. Wachache kati yetu wanajua kwamba mtu huyo alizaliwa Ujiji, upande wa pili wa ziwa letu. Kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Kwamba alishika wizara mbili katika serikali ya Julius Nyerere. Na kwamba aliaga dunia akiwa na miaka 40 hivi.

Tunasimulia maisha yake hapa kwa sababu inayotugusa. Kalemie tumezoea kuambiwa, na wakati mwingine tunajiambia wenyewe, kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, na sisi wa bara tumekiazima. Anayesema hivyo hukubali, pengine bila kujua, kwamba kazi ya kukitungia lugha hii kanuni, kuiandikia vitabu na kuitumia katika utawala ni ya wengine. Amri Abedi hakuzaliwa Lamu, wala Mombasa, wala Unguja. Alizaliwa kando ya Tanganyika kama wengi wetu.

Mtoto wa Ujiji

Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924. Ujiji, karibu na Kigoma, ni mji mkongwe. Katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini misafara haikuishia hapo. Ilivuka ziwa, ikaingia Manyema, ikafika Kasongo na Nyangwe. Watu wengi wa Manyema nao walivuka kuelekea mashariki, wengine kwa nguvu, wengine kwa hiari, wakafanya makao Ujiji, wakaingia katika Uislamu na kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Ujiji na Kiswahili cha huku kwetu vilipita njia moja.

Mpaka wa kikoloni uliokuja baadaye haukukata uhusiano huo. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya kutoka Kabalo ikafika Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliteka Kigoma mwaka 1916, na Wabelgiji wakaitawala hadi mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Amri alizaliwa miaka mitatu tu baada ya hapo. Kama makabidhiano hayo yangekwenda vingine, huenda angesoma Kifaransa kama sisi, na historia ya ushairi wa Kiswahili ingekuwa tofauti.

Tabora na kazi ya kutafsiri

Kijana huyo alipelekwa Tabora, katika shule ya serikali ambayo Nyerere pia alisoma. Ilikuwa shule ya kuwaandaa vijana kwa ukarani na utawala mdogo chini ya Waingereza. Baadaye alipata mafunzo ya kazi ya posta Dar es Salaam. Njia ya mshahara wa kila mwezi ilikuwa mbele yake, na vijana wengi wa rika lake wangeishika bila kugeuka.

Yeye aligeuka. Tabora ilikuwa makao ya ujumbe wa Waislamu wa Ahmadiyya, ulioletwa Afrika Mashariki mwaka 1934 na Sheikh Mubarak Ahmad kutoka Bara Hindi. Amri akajiunga nao, akawa mhubiri, na baadaye alikwenda Rabwah, Pakistan, kusomea dini. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa Waislamu walio wengi wa Afrika Mashariki ni Wasunni wa madhehebu ya Shafii, na waliwaona Waahmadiyya kuwa wako nje ya dini. Kwa hiyo katika maisha yake yote ya hadharani, Amri alikuwa mtu wa kundi dogo. Hata watu waliompenda kwa mashairi yake waliweza kumkataa msikitini.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo kubwa la miaka hiyo ni tafsiri ya Kurani. Sheikh Mubarak Ahmad alikuwa akiifasiri Kurani kwa Kiswahili, na Amri alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake wakuu upande wa lugha. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1953. Kabla yake kulikuwa na tafsiri ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana, iliyochapishwa mwaka 1923. Hii ya 1953 ilikuwa ya kwanza kutolewa na Waislamu. Masheikh wa Kisunni hawakuipokea, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Hayo ni mabishano ya kidini, nasi hatuwezi kuyamaliza katika jarida la lugha. Lakini aliyewahi kutafsiri hata ukurasa mmoja anajua shule anayoipata mtu katika kazi ya namna hiyo. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika Kiswahili yamebadilika maana na matamshi. Mtafsiri hulazimika kuuliza kila neno limetoka wapi, linaeleweka na nani, na kama msomaji wa Ujiji atalielewa sawa na msomaji wa Mvita.

Kitabu cha sheria

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Jina lenyewe linaeleza sehemu zake mbili: kwanza kanuni, kisha mashairi yake mwenyewe, kama fundi anayeonyesha vipimo na baadaye meza aliyoitengeneza kwa vipimo hivyo.

Kanuni hizo hakuzibuni yeye. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakizifuata kwa karne nyingi, na wasomaji wa magazeti kama *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, walikuwa wakitumiana mashairi kutoka kila pembe ya Tanganyika. Kijana alijifunza kutunga kwa kusikiliza na kuiga, na alipokosea, wajuzi walimcheka. Alichofanya Amri ni kuyatoa mambo hayo vinywani mwa wajuzi na kuyaweka mahali ambapo mtu yeyote anayejua kusoma angeyapata. Mtu wa Kigoma, Songea au Bukoba asiye na mjomba mshairi aliweza sasa kujifunza.

Msingi wake ni kwamba shairi ni wimbo. Lisiloimbika, kwake, halina maana. Kutokana na msingi huo ndipo vina na mizani vinapopata umuhimu. Mizani ni hesabu ya silabi. Katika shairi la kawaida la mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, iliyogawanywa nane kwa nane, na kila kipande kina kina chake. Vina ni silabi za mwisho zinazofanana, kama ilivyo kwa *ziwa* na *chukuliwa*. Tanganyika ina mizani nne: *ta-nga-nyi-ka*. Kalemie nayo ina nne: *ka-le-mi-e*. Ujiji ina tatu.

Hapa tuongeze jambo ambalo msomaji wa Kalemie anaweza kulijaribu mwenyewe. Kiswahili sanifu husema *mtoto*, na huku kwetu wengi husema *mutoto*. Wanaotudharau hudhani kwamba kwa matamshi hayo hatuwezi kutunga shairi la kimapokeo. Lakini katika hesabu ya mizani, *m* ya *mtoto* ni silabi inayojitegemea: *m-to-to*, mizani tatu. *Mu-to-to* ni tatu vilevile. *Mji* ni mbili na *muji* ni mbili. *Watu* na *bantu* ni mbili mbili. Upatanisho wa ngeli ni suala jingine, nalo lina kazi yake. Kwa maneno ya namna hii, hata hivyo, mizani ya Amri Abedi haitufungii mlango.

Meya

Harakati za uhuru zilipopamba moto, Amri alikuwa katika TANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, mwaka uleule wa kitabu chake. Aliingia bungeni akiiwakilisha Kigoma, na mwaka 1960 akawa meya wa Dar es Salaam.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, tuutazame mji wenyewe. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742. Mji uligawanywa kwa rangi tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo kwa kanuni za ujenzi. Wazungu walikaa Uzunguni, kaskazini ya bandari, penye bustani na upepo wa bahari. Wahindi walikaa Uhindini, katikati ya mji penye maduka. Waafrika walikaa Kariakoo, Ilala na vitongoji vingine, na watu wakapaita Uswahilini. Jina Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani watu waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu. Sisi tuliokulia katika miji ya Kibelgiji, iliyokuwa na mtaa wa Wazungu upande mmoja na *cité* ya Waafrika upande mwingine, hatuhitaji maelezo marefu.

Umeya wa mji kama huo ulikuwa cheo cha heshima zaidi ya nguvu. Kazi za kila siku za baraza zilisimamiwa na maofisa wa kuajiriwa, na nguvu kubwa ilikuwa kwa serikali kuu. Hata hivyo, cheo hicho kilikuwa kimeshikwa na watu wasio Waafrika tangu mji ulipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Mwaka 1960 mnyororo wa meya ulivaliwa na mtu aliyekuwa akijulikana na wakazi wa Kariakoo kama malenga na sheikh, na aliyeandika Kiswahili walichokisoma magazetini. Mwaka uliofuata, Desemba 1961, nchi ikapata uhuru na Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji.

Hakukaa sana. Baada ya uhuru serikali mpya ilikuwa na nafasi nyingi na watu wachache wa kuzijaza, na viongozi walihamishwa haraka kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ndiyo maana katika historia ya Dar es Salaam hatuoni daraja wala soko ambalo tunaweza kusema ni kazi ya mikono ya meya huyu peke yake. Anayetaka kumpima kwa majengo atarudi mikono mitupu.

Waziri wa sheria, waziri wa utamaduni

Mwaka 1963 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Mwandishi wa sheria za mashairi sasa alikuwa na dhamana ya sheria za nchi. Sadfa hiyo inapendeza, lakini ina jambo zito ndani yake. Tanganyika ilirithi mahakama za aina mbili. Za juu zilifuata sheria ya Kiingereza kwa Kiingereza. Za chini, zilizoitwa mahakama za wenyeji, zilikuwa chini ya machifu na wakuu wa wilaya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha katika mfumo mmoja wenye mahakama za mwanzo chini kabisa, na lugha ya mahakama hizo za mwanzo ni Kiswahili. Mkulima aliyeshitakiana na jirani yake kuhusu mpaka wa shamba aliweza kuielewa kesi yake yote, kutoka mashitaka hadi hukumu, bila mkalimani.

Kazi hiyo ilihitaji istilahi. Dhamana, rufaa, kiapo, mdai na mdaiwa ni maneno ambayo lazima yawe na maana moja kwa hakimu wa Kigoma na hakimu wa Mtwara. Juhudi za kukusanya istilahi za sheria ziliendelea baada yake, na orodha iliyotayarishwa na A. B. Weston pamoja na Sheikh Mohammed Ali ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mahakama za juu ziliendelea na Kiingereza kwa miongo mingi. Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Tukiitazama safari hiyo ya karibu miaka 60, tunaona kwamba kuipa lugha nafasi mahakamani ni kazi ya vizazi, na lazima kuwe na wa kuianza.

Kutoka hapo alipelekwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Katika miaka hiyo pia alikuwa mtu wa mbele kati ya washairi waliokuwa wakijikusanya katika vyama vya kukistawisha Kiswahili. Kwa mara ya kwanza kazi yake ya serikali na kazi yake ya kalamu zilikuwa kitu kimoja. Haikudumu.

Bonn, 1964

Amri Abedi alifariki Oktoba 1964 mjini Bonn, Ujerumani ya Magharibi. Ni nchi ileile ambayo, miaka 50 kabla, ilikuwa imejenga reli iliyofika Kigoma.

Bonn iko kwenye mto Rhine, karibu na Köln. Huko Köln aliwahi kuwapo meya aliyekaa muda mrefu sana, Konrad Adenauer, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwaka 1917 hadi Wanazi walipomwondoa mwaka 1933. Katika miaka hiyo 16 Köln ilipata upya chuo kikuu chake, ikazungushiwa ukanda wa miti na bustani, na ikajenga madaraja. Adenauer alipata tena nafasi baada ya vita, akawa kansela kwa miaka 14, na alipoondoka madarakani mwaka 1963 alikuwa na umri wa miaka 87. Tunawaweka watu hawa wawili pamoja kwa sababu ya muda. Meya wa Köln alipewa miaka ya kupanda miti na kuiona ikikua. Meya wa Dar es Salaam alikuwa na miaka minne hivi kwa umeya, ubunge na wizara zote pamoja. Alichopata nafasi ya kukimaliza ni kitabu.

Tanzania haikumsahau kabisa. Uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake, na maelfu ya watu hulitaja kila wanapokwenda kutazama mpira, pengine wengi wao bila kujua kwamba lilikuwa jina la mshairi.

Kitabu kinabishaniwa

Mtunga sheria huishi au hufa pamoja na sheria zake. Miaka 10 baada ya kifo chake, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mabishano makali yakazuka kati ya watetezi wa jadi na wanamabadiliko. Kwa wanamabadiliko, kitabu cha Amri kilikuwa kimegeuka pingu: walimu walikuwa wakihesabu silabi na kusahau mawazo. Kwa watetezi, kuacha vina na mizani kulikuwa kuacha ushairi wenyewe. Kila upande ulimtaja yeye, mmoja kama ngao na mwingine kama ukuta wa kubomolewa.

Lawama ya wanamabadiliko ina ukweli. Anayesema kwamba shairi lisiloimbika halina maana anafunga mlango kwa tungo nyingi nzuri, na shule zetu zimewahi kuwapa alama za juu wanafunzi waliopanga silabi vizuri bila kusema lolote. Lakini angalia nani walikuwa wakibishana. Kezilahabi alitoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mulokozi na Kahigi, waliotetea upana wa ushairi na kutunga kwa njia zote mbili, waliita diwani yao *Malenga wa Bara*. Wapinzani wa mtu wa Ujiji nao walikuwa watu wa maziwa na bara. Bila kitabu kilichowafungulia wote mlango wa kanuni, mabishano hayo yasingekuwa na watu wengi kiasi hicho wa kushiriki.

Huku kwetu Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na hukumu huandikwa kwa Kifaransa. Mkulima wa kando ya Lukuga bado anamtegemea mtu mwingine amweleze alichohukumiwa. Sisi tunaosoma lugha tunaweza kuanza na kazi iliyo ndani ya uwezo wetu, ile aliyoianza Amri Abedi kabla hajawa meya wala waziri: kuziandika kanuni za tungo zinazosikika karibu nasi. Nyimbo za wavuvi, za harusi na za misiba zinaimbwa Kalemie kila wiki. Zirekodiwe, zihesabiwe mizani, vina vyake vichunguzwe, na pale zinapoivunja kanuni ya mwaka 1954 tuandike zinaivunja vipi na kwa nini. Kalamu na daftari vinatosha kwa kuanzia.